Nyuma ya Kadi ya Sudi Mshale

Jumatatu, 3 Februari

Kadi moja tu leo. Baba alichoka mapema, upepo wa baridi wa hapa Ibra unampata miguuni. Kazi ni ile ile ya kila alasiri. Mimi nasoma nyuma ya kadi kwa sauti, yeye anasikiliza macho kayafumba, kisha anasema la kuongeza. Mtu huyu aliishia wapi. Alioa nani. Yu hai au la. Khalfan, mtoto wa dada yangu, anazitaka zote kabla ya Ramadhani. Klabu yao ya hoki kule Sur, pwani ya Oman, inataka kuzitundika ukutani.

Kadi hizi zilikuwa zikitiwa ndani ya pakiti za chai, Unguja, Baba alipokuwa kijana. Mbele picha ya mchezaji na gongo lake la hoki. Nyuma maisha yake kwa mistari mitatu, minne. Mwenye chai alikuwa na mtoto aliyejiona mshairi, ndiye aliyeziandika. Ya Baba inasema: "Nassor Seif. Beki. Hana haraka. Humwacha adui achoke, kisha humnyang'anya mpira kama mtu aokotaye chake. Hupenda mkate wa kumimina."

Sasa ana miaka themanini na mbili na bado hana haraka. Mkate wa kumimina anaupenda vile vile. Ugonjwa wa sukari ndio hautaki.

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu wanangu hawakisomi. Raha iliyoje, kuwa na mahali pako nyumbani kwako mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Leo ya Sudi. Nilikuwa nikiirudisha chini kila ikitokea juu, na Baba anajua kwamba nafanya hivyo.

"Sudi Mshale. Winga wa kushoto. Mbio zake hazina salamu. Ukitaka kumwona usitazame alipo, tazama anapokwenda." Katika picha anacheka. Kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kovu lile ni la gongo la Baba, mazoezini, na walirudi nyumbani pamoja damu ikimtoka, kwa sababu nyumba zao zilikuwa ukuta mmoja.

Baba alicheka, akataka nisome tena. Nikasoma. 

"Andika aliuliwa," akasema. "Yeye na Hemedi. Mwaka ule."

Hemedi ni mdogo wake Sudi, mlinda mlango wao. Mwaka ule kwetu ni mmoja, hatuutaji. Baba alikuwa Pemba kwa shangazi yake. Habari aliletewa na mtu aliyekimbia, naye hakuona kwa macho, alisikia. Baba hakurudi tena mjini.

Nimeandika. Nimemtumia Khalfan. Sikupenda kuliandika neno lile chini ya kijana anayecheka.

Ijumaa, 7 Februari

Khalfan alipiga simu watu wametoka msikitini. Aliipeleka kadi ya Sudi kwenye grupu la klabu, mbele na nyuma, pamoja na mstari wetu. Mama wa mchezaji mmoja kamjibu. Anaitwa Raya, anafanya kazi kwenye kituo cha kasa, Ras al Jinz. Kaandika: Huyu ni baba yangu. Hajafa. Kwake ni Ashkhara.

Nikasema haiwezekani. Khalfan akaleta picha. Mzee mwembamba, ndevu nyeupe. Kovu juu ya nyusi ya kushoto.

Nilikaa kitako. Baba alikuwa sebuleni anamenya chungwa.

Sijamwambia. Naogopa moyo wake. Naogopa pia kama si yeye. Sijui lipi nalihofia zaidi.

Jumapili, 9 Februari

Nimezungumza na Raya. Kwa Kiarabu, Kiswahili hana hata neno. Sauti ya upole, maneno machache.

Baba yake hapa anajulikana kwa jina la Masoud bin Rashid. Ndiyo hivyo. Sudi lilikuwa jina la mtaani. Watu walirudi Oman wakavaa majina ya mababu na makabila, yale ya utani yakabaki huko. Ungemtafuta Sudi Mshale Ashkhara nzima, ungeambiwa hayupo. Alipitia Mombasa, akafika huku miaka ya sabini, akafanya biashara ya samaki mkavu. Unguja haitaji. Wanawe walidhani Kiswahili hakijui, ila akihesabu mafungu ya samaki alihesabu moja, mbili, tatu, nao wakadhani ni lugha ya wavuvi.

Mambo mawili tena. La kwanza, yuko hospitali ya Sur. Ana uvimbe tumboni, watampasua Alhamisi. Madaktari hawapendi umri wake.

La pili nilitamani asingenambia. Kumbe Sudi anajua kwamba Baba yuko hai. Zamani, Raya msichana, walikwenda soko la mbuzi la Nizwa. Baba yake ghafla akasimama nyuma ya lori, hakutoka mpaka mtu fulani alipoondoka. Raya akamwuliza, nani yule. Akajibiwa: Nassor bin Seif, wa Ibra, mtu wa zamani.

Nina hasira. Miaka yote hii Baba anamuombea kila Ijumaa pamoja na maiti zetu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimesema. Nilingoja amalize chai na dawa. Nikamwekea simu mkononi.

Alitazama muda mrefu. Akaligusa kovu kwa kidole gumba, picha ikawa inakua, mwisho uso ukapotea likabaki kovu peke yake. "Ni mimi niliyempiga hapa," akasema. Machozi yakamtoka, akicheka. Sijamwona hivi tangu Mama afe.

Ningenyamaza hapo. Lakini akauliza nimejuaje, Raya kasema nini, nami sijui kumdanganya Baba. Nikamwambia ya Nizwa.

Akairudisha simu. "Basi hakunitaka."

Chakula cha mchana hakukigusa. Mjinga mimi.

Jumanne, 11 Februari

Baba hasemi. Presha imepanda. Khalfan anapiga kila saa: twendeni, mzee mwenzake anapasuliwa keshokutwa. Nikampandishia sauti. Kisha nikamtaka radhi.

Adhuhuri Baba akafungua kinywa. "Mimi nilimlilia. Yeye alikuwa nyuma ya lori." Basi. Hata mimi naona hivyo.

Baadaye Raya akaleta ujumbe wa sauti. Alimweleza baba yake kwamba tumejua, mzee akasema maneno ambayo yeye hakuyaelewa, akayarekodi, anataka nimfasirie. Nikasikiliza kwanza jikoni peke yangu. Sauti ya mtu mgonjwa, Kiswahili cha mjini Unguja kitupu, kama cha Baba, kama kimewekwa kabatini hakikuguswa.

"Mwambieni Nassor asije kama anakuja kunisamehe. Kama anataka kuniona, na aje."

Nikampelekea Baba. Akataka tena. Mara ya tatu akaishika simu sikioni mwenyewe. Halafu akaenda kutawadha na Alasiri ilikuwa bado.

Jumatano, 12 Februari

Baba kanigongea mlango baada ya Alfajiri. Kanzu ya pasi, kilemba, bakora. "Petroli unayo?"

Njiani tukapita mji wa Al Kamil. Hapo akaniambia nipunguze mwendo, nami nilikuwa nakwenda polepole. Nikaelewa anaogopa. Nami naogopa. Nikapunguza.

Raya alitungoja mlangoni pa wodi. Mwanamke mrefu, kachoka. Tukakumbatiana kama ndugu.

Sudi ni mdogo kitandani. Nikasema, "Shikamoo, ami." Akanitazama, midomo ikamcheza. "Marahaba, mwanangu." Nadhani neno lile hakulisema tangu mimi sijazaliwa.

Kisha akamwona Baba.

"Nassor. Umenenepa."

"Na wewe umekwisha."

Baba akavuta kiti. Nilitarajia vilio, havikuwepo. Wakatazamana kama watu wawili wanaokagua nyumba waliyoishi zamani.

"Nizwa ulinikimbia," Baba akasema.

"Nilikukimbia."

"Nilikukosea nini?"

Sudi akajiinua kidogo. Pumzi inamkatika. "Hujanikosea. Huku hapana mtu aliyemjua Hemedi. Mke wangu hakumjua, wanangu hawamjui. Nikaweza kuishi. Wewe ungekaa na mimi siku moja, ya pili ungeniuliza alikufaje. Na mimi nilikuwepo, Nassor."

 Bakora ikamtoka Baba mkononi ikaanguka, hakuiokota.

"Sikuulizi," akasema.

"Najua. Ndiyo maana leo nitakwambia."

Nikamshika Raya mkono tukatoka. Yeye asingeelewa, mimi ningeelewa kila kitu, na yale si yangu. Siyaandiki hapa wala sitamwuliza Baba.

Tuliporudi Sudi alikuwa kafumba macho. Baba kakaa upande wa miguuni, kaingiza mikono ndani ya blanketi, anamkanda nyayo. "Baridi kama mtungi," akaniambia, kama ndilo jambo kubwa lililotokea.

Tumelala kwa Khalfan. Baba kala samaki mzima.

Alhamisi, 13 Februari

Walimwingiza asubuhi. Kungoja. Raya anasoma Yasin kwenye simu, midomo tu. Baba na tasbihi. Mimi sina hata la kusoma, maneno yote yananikimbia.

Nilimfikiria vibaya Mungu, nakiri. Nilisema moyoni: umemrudisha juzi ili umchukue leo.

Saa zilipita. Daktari mmoja akatoka, si wetu. Mwingine, si wetu. Baba kila mlango ukifunguka anasimama, akikaa anasaga meno. Nikamwambia asisimame kila mara, akanambia niangalie mambo yangu.

Wa kwetu alipotoka alikuwa anavua kofia na anazungumza na nesi juu ya chakula. Nikajua. Mtu haji na habari ya msiba anazungumzia chakula. Uvimbe wameutoa wote, mzee kaamka, kauliza saa. Wataupima uvimbe wenyewe, majibu wiki ijayo.

Raya alikaa chini pale pale sakafuni. Mimi nililia mpaka nikaona aibu. Nikageuka kumwambia Baba, nikamkuta kalala kitini, kinywa wazi, tasbihi mapajani. Kumbe alisikia neno la kwanza tu, likamtosha.

Jumanne, 18 Februari

Ibra. Majibu bado. Nguo, pasi, skuli, watoto. Mkono wangu uko kwenye simu kutwa. Baba anajifanya hangoji. Kaniuliza mara nne leo kama chaji ipo.

Alhamisi, 20 Februari

Si saratani.

Raya alisema hivyo tu, akakata, akapiga tena kusema hakukusudia kukata. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Viliungua vyote. Nikampelekea Baba habari na mwiko mkononi. Akasema alhamdulillahi, akasema tena, akaniomba nimfungulie dirisha.

Jioni Sudi mwenyewe akapiga. Sauti imepata nyama. Anataka kujua nimemwandika nini. Nikamsomea, na mstari ule wa mwisho. Alicheka mpaka akalalamika tumbo, Raya akamgombeza kwa nyuma.

"Futa," akasema. "Andika: Aliuza samaki Ashkhara. Alipotea muda mrefu kwa hiari yake. Yuko."

Nikamwuliza na ya Hemedi. Kadi yake inasema: "Hemedi. Mlinda mlango, mdogo wake Sudi. Mchana huzuia mabao, jioni huimba bila ya kuombwa." Nilisoma taratibu.  Baba akasogeza kiti karibu yangu.

"Ongeza jina la mama yetu," Sudi akasema. "Bi Zuhura binti Hamad. Kisha andika kwamba Hemedi alizikwa. Nilimzika mimi."

Nikaandika. Baba alikuwa hajui hilo, nadhani. Au lilikuwa ndani ya yale ya Jumatano. Aliitikia kwa kichwa tu, mara nyingi.

Khalfan nimemtumia zote. Kazi imekwisha na sijisikii kwamba imekwisha.

Alhamisi, 27 Februari

Raya kamleta baba yake. Daktari karuhusu, mradi gari isikimbie. Wamekuja kula na sisi kabla ya mwezi kuandama.

Nilipika wali wa nazi, mchuzi wa pweza, na boga kwa ajili ya tumbo la Sudi. Boga hakuligusa. Walibishana juu ya bao moja la mwaka ambao hakuna aliyebaki wa kuwaamulia. Baba alimwita mwongo. Sudi akamwita mzito. Mwanangu mdogo wa kike aliuliza wanagombana? Nikamwambia hapana. Akauliza basi wanasema nini? Nikaanza kumfasiria, nikaona haifasiriki, nikamkalisha kati yao asikilize.

Baada ya Adhuhuri nyumba ikatulia. Nilikwenda sebuleni kutoa vikombe. Wamelala wote wawili juu ya zulia, mmoja upande huu wa mto na mwingine upande ule, vichwa vimekaribiana. Sudi mkono juu ya kidonda chake. Baba anakoroma. Nikapunguza feni.

Raya yuko jikoni, kaniuliza kwa ishara.

Wamelala, nikamwambia. Tukamimina kahawa yetu tukanywa tumesimama.