Nilisema Mpaka Aprili

Dada Lorraine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua baada ya baridi yote ile. Sisi hapa Youngstown tunaendelea. Verna anakusalimu sana. Anasema lile bakuli lako la tambi na jibini halirudishi mpaka uje kulichukua mwenyewe.

Uliniuliza kwa nini bado niko kwenye ghala la matairi, wakati kiwanda cha chupa kilishanikubali. Kazi ndiyo ile niliyoililia: ya mchana, karibu na nyumbani, haina kunyanyua mizigo na mgongo wangu huu. Tatizo ni bima. Nikiacha kazi, ya ghalani inakatika mwisho wa mwezi. Ya kiwandani haianzi mpaka umalize miezi mitatu, na hata ikianza, hospitali anakotibiwa Verna saratani yake haiipokei. Kuilipia ya zamani sisi wenyewe hatuwezi kabisa. Kwa hiyo nikabaki, na kanisani wananishika mkono wakiniita mume wa kweli. Dada, natamani ardhi ipasuke.

Ile kazi sikuikataa. Desemba daktari alituambia huenda Verna asiumalize msimu wa baridi. Kesho yake nilimpigia Bi Trudy wa kiwandani, nikamwomba anishikie nafasi mpaka Aprili. Aliponiuliza kwa nini Aprili, nilimwambia kufikia hapo sitaihitaji tena bima ya zamani.

Juma lililopita Trudy alipiga simu nyumbani nikiwa kazini, Verna akapokea. Yule mama, kwa wema tu, akamweleza kwamba nafasi ya mumewe bado ipo, na ya kuwa mwenyewe alisema ikifika Aprili mambo ya bima yatakuwa yamekwisha. Niliporudi nilimkuta Verna anamenya viazi, kazi ambayo hajaigusa tangu augue. Hakulia. Aliniambia, "Merle, mpigie Trudy umwombe radhi. Mwambie mkeo amechelewa kidogo." Kisha akaniuliza viazi nataka vya kuponda au vya kukaanga.

Maana dawa zimemkubali, Dada. Februari daktari alituonyesha picha, uvimbe umenywea. Hili sijamwambia mtu: kabla sijafurahi, niliiwaza ile kazi. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini Verna alikuwa ananitazama usoni. Sasa anajua nilikuwa nawaza nini. Naona aibu hata kukaa naye mezani.

Nimemwambia Trudy nafasi ampe mwingine. Verna hajanitolea neno baya hata moja. Leo Aprili imeingia. Asubuhi alinimiminia kahawa, akaniuliza, kwa ule utani wake, kama nimeshamsamehe kwa kuwa bado yupo.

Njoo, Dada, hata kwa siku chache. Anakuhitaji, na mimi pia. Wasalimie shemeji na watoto wote hapo nyumbani. Ila ukifika, tafadhali, usinisifu.

Ni mimi mdogo wako,
Merle