Kibao Kimeshinda Kibali

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana mimi ni fundi cherehani, miaka kumi na moja nimeshonea kwenye baraza za watu na sasa ndiyo kwanza nimepata chumba changu, na mume wangu ambaye kazi yake ni kupaka nyumba rangi akaapa kibao cha kutangaza kazi hatununui, atachora mwenyewe, basi nikaenda manispaa kuomba kibali, fomu ikauliza upana na kimo, nami nikaandika sitini kwa arobaini bila kufikiri, kwa sababu mkono wangu haujui kitu ila inchi, hata mwanangu alipozaliwa nilimpima kwa inchi, kumbe fomu ilitaka sentimita, kibali kikatoka na mhuri wake, cha kibao kikubwa kama mto wa kulalia, na mume wangu hakukisoma, alifuata kikaratasi nilichomwandikia vipimo kwa inchi, akatoa kibao kikubwa kama meza ya kulia chakula, kina sindano yenye uzi mwekundu na maandishi yanayosomeka toka ng'ambo ya barabara, ni kizuri mshauri, nikikitazama cherehani inakwenda upogo, na bwana kila asubuhi anamsimamisha mpita njia na kumwomba amsomee, wakati kusoma anajua.

Sasa afisa wa mabango ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anakagua mtaa mzima, na kibao kisicholingana na kibali kinang'olewa papo hapo. Nimemwambia wifi yangu tu, tukacheka mpaka tukakaa sakafuni, halafu akasema, "Kivishe gauni, wifi. Kibaki wazi kile kipande cha kibali." Kitambaa nimeshakata. Mume wangu hajui lolote. Nifanyeje?

Fundi Inchi

*

Fundi Inchi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na wenzangu ofisini wanakupa pole huku wakijifuta machozi. Hongera kwa chumba. Sasa tuseme ukweli.

Kukosea fomu si dhambi. Kukivisha kibao gauni ni udanganyifu, tena wa kitoto: afisa anayetembea na futi mkononi atalifunua kwanza, salamu baadaye. Wifi yako anachekesha, mpende, usimsikilize.

Geuza utepe wako wa kupimia, upande wa pili una sentimita, zimekaa hapo miaka yote zikikungoja. Pima kibao, piga picha, chukua kibali, rudi dirisha lile lile kabla afisa hajaja kwako, uombe kirekebishwe. Wakikataa ukubwa huo, kitapunguzwa, na atakayekipunguza ni aliyekichora.

Ndiyo maana mwambie leo. Unamhurumia bure. Mtu mwenye furaha ile, akisikia huenda akakichora upya, atatafuta brashi kabla hujamaliza sentensi. Kitakachomuuma ni kukikuta kimelala chini barabarani, na mkewe alijua.

Kesho asubuhi nendeni wote wawili. Dirishani wakiuliza nani kakosea, sema "mimi," kisha nyamaza.