Mazishi ya Ngwara

Jumatatu, 2 Juni
Nimepima tena ugumu wa udongo. Nondo ileile ya chuma, shamba lilelile la chini. Imeingia vidole vinne, ikagoma. Mwaka jana mahindi yalitoka hapa membamba kama majani ya vitunguu, pamoja na mbolea yote ya dukani. Mwaka huu mbolea ya dukani hakuna. Kuna ngwara tu, jamii ya maharage, imefika magotini na imenona. Ikichanua nitaikata yote na kuilaza chini ya udongo, ioze hapohapo, ardhi ipate nguvu. Hakuna jani litakalotoka shambani. Nimeshamwambia Mama Naserian, mke wangu. Amenisikia. Ng'ombe wake Namayani naye amesikia, maana amelia asubuhi nzima akiangalia upande huo.

Alhamisi, 5 Juni
Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Masika yaliondoka mapema bila kuaga, na majani ya bondeni yamekwisha. Mama Naserian ameyafuata hadi karibu na msitu, juu ya Olmotonyi. Mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi, mzigo kichwani. Namayani ana mimba ya miezi minane, anakula kwa wawili.
Akirudi amepita kando ya ngwara yangu polepole mno. "Udongo wako unakula vizuri kuliko ng'ombe wangu," amesema. Nilikuwa na jibu, tena zuri, la kitaalamu. Nimelimeza.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada wazee wamenizunguka nje ya kanisa. Ngwara ni chakula. Kila mtu hapa anayajua maharage yale meusi yenye mstari mweupe. Anayeizika kabla haijatoa hata ganda moja huombewa. Jirani yangu Lazaro: "Baba Naserian, mazishi lini? Tuchange sukari!" Wakacheka. Mama Naserian akawashinda wote kwa kicheko, hadi akanishika mkono asianguke. Kisha akajifuta machozi. "Mwacheni," akawaambia. "Akizika kitu, mfiwa ni mimi."
Nilimwoa kwa sababu kama hizi.

Jumatano, 11 Juni
Maua ya kwanza. Ya zambarau, machache. Ilipaswa kuwa siku ya furaha.
Nimemkuta jikoni akilikanda goti kwa maji ya moto. Limevimba. Aliponiona akashusha kitenge haraka, akauliza kama nataka chai. Miaka thelathini na minane ya ndoa, bado ananificha maumivu. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani. Najua.
Kesho anapeleka ndizi mtaa wa Kwa Mrombo, kwa dada yake. Nitakata ngwara kidogo kabla hajarudi, amkute Namayani ameshiba. Simwambii.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikata alfajiri, umande ukiwa bado. Mzigo mzima, mbichi, laini. Nikaubeba kichwani mwenyewe. Kwetu kukata majani ya ng'ombe ni kazi ya wanawake. Mke wa Lazaro alisimama njiani akasahau kunisalimu. Sikujali. Nilikuwa najipenda sana. Namayani alikula kama yuko harusini. Nikamwongeza.
Saa nne ubavu wake wa kushoto ulikuwa umejaa kama ngoma. Ulimi nje. Akalala, nikamvuta, akasimama, akalala tena. Nikampigia simu bwana mifugo. Akauliza amekula nini. Nikamwambia. "Mzee, ngwara mbichi yenye umande, tena tumbo tupu? Hiyo inajaza gesi. Asilale! Mnyweshe mafuta ya kupikia, nusu lita. Mfunge kijiti mdomoni atafune. Mpandishe mlima. Nakuja."
Nikampandisha. Mafuta kwenye shati, mafuta usoni kwangu, kidogo kwa ng'ombe. Huyu ni uzao wa mtamba ambaye mama mkwe alimpa binti yake siku tulipooana. Mama mkwe hayupo tena. Amebaki huyu, na ndama tumboni, na mimi nawaua wote wawili kwa zawadi.
Mama Naserian alitukuta njiani. Alitua kapu. Aliuliza moja tu: "Ulikata na umande?" Nikasema ndiyo. Akachukua kamba mkononi mwangu, akaanza kumkanda ubavu, akimsemesha kwa Kimaasai anavyosemesha wajukuu. Nusu saa. Kisha Namayani akatoa mbweu moja ndefu, yenye harufu mbaya. Sijawahi kusikia kwaya nzuri hivyo.
Bwana mifugo alifika, akampima, akasema ndama anacheza. Nikakaa chini palepale njiani.

Ijumaa, 13 Juni
Hasemi nami. Chai ipo, ugali upo, maneno hakuna. Naona aibu hadi kwa kuku.
Jioni nimemwambia kwamba niliona goti. "Ungeniuliza," amesema. "Wewe unaujua udongo. Mimi namjua Namayani." Kisha akanisogezea bakuli la nyama, mfupa mnono ukiwa upande wangu.

Jumatatu, 16 Juni
Saa sita mchana, umande umekauka kabisa. Ameingia shambani kwangu na mundu wake bila hodi. Amekata nusu ya mistari, akaacha mizizi ardhini. Alhamisi ile bwana mifugo aling'oa shina moja akatuonyesha vifundo kwenye mizizi, akasema nguvu ya udongo hutengenezwa humo. Mimi nilitikisa kichwa kama mtu anayejua tayari. Kumbe mwenzangu alikuwa anasikiliza.
"Mizizi yako, majani ya Namayani," amesema. "Na samadi itarudi hapahapa. Nusu iliyobaki zika, wazee wameshachanga."
Majani ameyaacha yanyauke hadi jioni, akayachanganya na mabua makavu. Namayani kala, kasinzia. Nimekaa zizini namwangalia ubavu. Ile amri ya jani lisitoke ilikuwa ubishi wangu tu, na ilimla mke wangu goti.

Jumamosi, 12 Julai
Namayani amezaa ndama jike! Mweusi, mstari mweupe usoni. Mama Naserian anataka aitwe Ngwara. Nimekataa, hilo si jina la ng'ombe.
Anaitwa Ngwara.

Jumanne, 9 Septemba
Toroli tatu za samadi shamba la chini, juu ya ngwara niliyoizika. Mgongo unalalamika. Majani nakata mimi sasa, kila siku, baada ya umande. Wanaume walicheka wiki mbili wakachoka. Jana Lazaro ameniuliza, kwa sauti ya chini, mundu unanolewaje.
Goti la mke wangu halijavimba tena.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mvua ndogo imenyesha usiku. Nimeamka, upande wa Mama Naserian kitandani ni mtupu. Nimechungulia dirishani. Yuko shamba la chini na nondo yangu. Akatazama huku, akatazama kule, kama mwizi. Akaichoma ardhini. Ikazama, ikazama, hadi karibu na ngumi yake. Akasimama kidogo. Kisha akapiga magoti, yote mawili, akachota udongo akaunusa.
Nimerudi kitandani nikajifunika shuka. Alipoingia nilikuwa nakoroma. Ameniamsha, akaniuliza kama nimepima shamba leo.
Nimesema bado.
"Kapime," amesema, akaenda kunawa mikono.