Kiti cha Mama Furaha

Alhamisi jioni, Malvern

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Mwezi uliopita nilituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la wafanyabiashara wa Jules Street: muswada wa vibali vya kuuza kando ya barabara, ule wa kumwondoa asiye na kibali, umepita kwenye kamati. Kamati tu! Bado wabunge wote wa mkoa, maana huku kila mkoa una bunge lake, waujadili, wapige kura. Hayo nayajua, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuufuatilia. Ila sikuyasema.

Leo nimepita kwa Mama Furaha, msusi wetu Mkongomani. Kiti chake hakipo nje. Nimemkuta chumbani kwake, anamsuka mteja pembeni ya jiko.

“Pasta alitangaza kwa kanisa kama sheria imetoka,” akaniambia. “Nikaogopa kufukuzwa.”

Kumbe Pasta aliisikia sauti yangu. Na kwao, kikishatangazwa madhabahuni, nani atabisha?

Nimemweleza hatua zote, polepole. Nilitegemea atanigombeza. Akamaliza msuko mmoja kwanza.

“Kwa hiyo mwezi muzima niko natii sheria yenye haiyazaliwa bado?”

Tumecheka, mimi kwa aibu. Kisha tumekibeba kiti hadi nje. Jumanne nikienda bungeni anataka twende wote, asikie kwa masikio yake. Ana haki.

Kitu kimoja sikumwambia. Kibali, kwa makaratasi yake yale ya kuomba ukimbizi, hapati. Muswada ukipita kweli, kile kiti tutakirudisha ndani, na siku hiyo hakutakuwa na kosa langu la kusahihisha.