Sekunde nne za mama

Mwenzangu, nimefuta video ya mama. Kwa mkono wangu mwenyewe!

Si unakijua kile kikamera changu cha bei rahisi? Siku aliyofariki nilikichomeka kwenye tableti, video ikacheza vizuri kabisa, mama anawataja wajukuu mmoja mmoja. Nikajua imeshahamia. Nikaifuta kwenye kamera nipate nafasi ya kurekodi mazishi.

Leo mdogo wangu kaomba amsikie mama. Nafungua tableti, hamna kitu.

Nampelekea fundi vyote viwili, ananiambia, “Tableti ilikuwa inaionyesha tu kutoka kwenye kamera. Haikuihifadhi. Na mazishi umeyarekodi juu yake.”

Juu yake, jamani. Juu ya mama.

Kwenye kamera zimebaki sekunde nne tu, za majaribio niliyorekodi kabla ya ile video. Mama anauliza, “Umeshaniweka humo?”

Nasikika nikimjibu, “Nimekuweka, mama. Usiwe na wasiwasi.”