Kitasa cha Sanduku la Mzee Ngeleja

Bariadi, 3 Juni 2024

Mwangaluka, Bibi. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, na kwa taarifa yako hakuna kitasa Bariadi nzima kinachonishinda. Hata benki wakisikia nimeamka wanakagua milango.

Nimepanga chumba kwa Mzee Ngeleja, mnunuzi wa pamba. Wapangaji wote tunapokelea barua kwenye sanduku lake la posta, na ufunguo kaniachia mimi. Ulinidondoka mnadani nikishangaa ng'ombe wa watu, ila usimwambie mtu. Nimeazima wa sanduku la jirani, nimechonga mwingine kwa tupa hapa gereji ya baiskeli. Funguo zote ni ndugu. Wewe andika tu. Felisita anayekusomea mwambie apaze sauti, asinong'one kama anaungama.

Mumeo wa mjini,
Kija

Nkololo, 19 Juni 2024

Mume wangu mdogo, mwangaluka. Kifua kimetulia, masikio ndiyo yamefunga. Simu hainisaidii tena. Felisita ananiandikia.

Pamba ya mwaka huu nimechuma peke yangu. Mjomba wako Paschal anataka nihamie kwake Kahama, ng'ombe wa marehemu mama yako auzwe, nyumba ifungwe. Mimi sitaki. Lakini nimechoka kuongea na kuku. Ukisema utakuja, hata Jumapili mojamoja, nabaki. Ukikubali ya Paschal, niandikie, sitanung'unika. Bariadi si mbali.

Bibi yako, mkeo,
Maximiliana

Bariadi, 8 Julai 2024

Mwangaluka, Bibi. Hapa afya ni ya dume la maksai. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili kwa utamu wake. Yote uliyoandika nakubali, fanya hivyo hivyo. Mimi usiningoje kwa sasa, mji unanihitaji. Nikiondoka baiskeli zitalia. Kunywa uji, uongeze nyama mashavuni.

Mumeo asiye na mpinzani,
Kija

Nkololo, 27 Julai 2024

Kija, hujambo? Sisi wazima.

Barua yako nimesomewa. Nilimwambia Felisita arudie, nikidhani ni masikio yangu. Ng'ombe amechukuliwa jana. Alhamisi Paschal anakuja na gari. Anuani ya kwake iko nyuma ya bahasha. Jembe lako nimeliacha nyuma ya mlango.

Bibi yako,
Maximiliana

Bariadi, 2 Septemba 2024

Mwangaluka, Bibi. Maji ya Kahama yanakupenda? Mjomba Paschal, najua ni wewe unayemsomea. Kaa upande wa sikio la kulia, na usiruke kitu.

Ule ufunguo wangu ulivunjikia ndani ya kitasa siku ya kwanza tu. Posta wakasema mwenye sanduku aje mwenyewe na kitambulisho ndipo wabadili kitasa. Mzee Ngeleja alikuwa vijijini kwenye pamba, nami niliogopa kumpigia, nikijua atanifukuza. Juzi amerudi. Wala hakunifukuza, alicheka mpaka akakaa chini. Kitasa kimebadilishwa, na barua zako mbili zilikuwa chini kabisa, zimelaliana.

Nilikwenda Nkololo siku hiyohiyo. Kuku wako kwa kina Felisita. Mlangoni kuna kufuli la Mjomba, na kwako sijawahi kuona kufuli. Tupa nilikuwa nayo mfukoni. Sikuigusa. Nilikaa pale nje, jembe langu likiwa ndani.

Bibi, niliposema nakubali, nilidhani umeandika habari za kifua, kama siku zote. Barua yako sikuwa nimeisoma.

Mjukuu wako,
Kija