Kamera Imeuona Uso Wangu

Dada yangu Mwanahamisi, shikamoo.

Ujue kwanza anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye hospitali ya huku Mwanza haianzi kazi. Madaktari wazima wananisubiri mlangoni, maana funguo ninazo mimi. Afya njema, alhamdulillahi. Nawe magoti yanasemaje? Nimesikia mwanao Somoe bado yuko Kiswere, hataki kurudi Kilangala, hata simu yako hapokei. Hilo ndilo limenishikisha kalamu. Kwa simu ningeshindwa, ningekuhadithia mengine.

Hapa kuna chumba ninachopiga deki, kina kamera ya kusoma rangi ya ngozi. Unakaa, wanakuwekea pembeni kikadi cha rangi ili picha isidanganye, taa inawaka, kompyuta inaonyesha wapi weusi umejaa na wapi umepungua. Wakatafuta watu wa kuijaribia. Nikawaambia wasihangaike, ngozi halisi ya kusini ndiyo hii, haijaguswa na dawa tangu niumbwe. Nikakaa mwenyewe.

Dada, picha ilitoka mbele ya manesi wanne. Masikio na shingo nyeusi tii, uso umepauka mabaka mabaka. Daktari, binti mdogo tu, akaniuliza kwa upole ninapaka nini. Nikasema hiyo salfa, sisi watu wa Lindi tunapulizia mikorosho miaka yote, unga unamrudia mtu usoni. Kumbe daktari naye kwao Nachingwea, huko huko Lindi.

“Mzee wangu,” akasema, “mimi nimekulia kwenye salfa. Ni salfa gani hiyo inayoruka masikio?”

Manesi walicheka mpaka wakashikana. Nilichukua ndoo nikatoka, dekio nikaliacha.

Nikakumbuka siku ile ya arusi uani kwako. Nilimsimamisha Somoe mbele ya wanawake wakichambua mchele, nikamwita mzungu wa kopo, nikamnyang’anya kopo lake la krimu ya kujichubua. Nawe ulinyamaza kwa kuwa mimi ni mjomba. Akaondoka analia.

Nenda Kiswere mwenyewe, umsomee barua hii. Mwambie mjomba amemkosea, na wewe huna kosa, arudi nyumbani. Msalimie shemeji, na jirani yako Bi Zuhura msuka mikeka. Siku ile alikuwepo, naye asikie.

Lile kopo, Dada, sikulitupa chooni kama nilivyowaambia. Nililitia kwenye begi. Nimelipaka likaisha, nikanunua jingine.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari